Kipokezi cha GPS cha kuundwa kwa mkono kwa skana ya mkononi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kipokezi hiki cha GPS, kilichoundwa na fundi mpenda redio kikiwa na betri yake ya kuchaji ndani, kimenifaa kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kuchomeka kwenye skana ya mkononi, yaani redio ya kubeba inayopekua masafa mengi ili usikilize mazungumzo. Sifa hizo sizipeleki kwenye chipu ya GPS, maana chipu hizo ziko tele na kazi yake ni ileile. Nazipeleka kwenye umeme wake, jinsi ulivyopangwa ndani ya kasha dogo.

Kwa ambaye hajawahi kuona umuhimu wa GPS kwenye skana: mashine kama Uniden BCD436HP au SDS100 zinakuja na hifadhidata kubwa ya masafa ya Marekani na Kanada. Mifumo ya redio iliyomo imepewa mahali pake kwenye ramani, yaani kitovu chenye latitudo na longitudo, pamoja na umbali unaofikiwa kutoka kitovu hicho. Skana ikijua iko wapi, inawasha yenyewe mifumo ya eneo hilo na kuzima ya kule ulikotoka. Bila GPS, kila ukivuka mpaka wa kaunti unabaki unasikiliza ukimya mpaka ubonyeze vitufe na kuiambia skana umefika wapi. Kwa mtu anayeendesha gari, hiyo si kazi ya kufanya njiani.

Vipokezi vya kiwandani vipo, na vingi ni vizuri. Shida yake ni kwamba vimefikiriwa kwa ajili ya gari: kebo ndefu, na umeme unatoka kwenye tundu la volti 12 la dashibodi. Skana iliyofungwa kwenye gari haina tatizo na hilo. Lakini sisi wenye skana za mkononi tulizinunua ili tutoke nazo. Ukishuka garini ukaanza kutembea, au ukapanda treni, au ukakaa kwenye gari la mwenzako ambalo tundu lake lina kitu kingine, GPS imekufa na skana imerudi kuwa kipofu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia pawabenki, na hapo ndipo wengi hukwama bila kujua kwa nini. Pawabenki nyingi hupima umeme unaochukuliwa, na zikiona ni mdogo sana zinaamini simu imejaa, kisha zinajizima. Kipokezi cha GPS kinachukua kiasi cha miliampea 50 tu. Kwa pawabenki ya namna hiyo, huo ni sawa na kutochomekewa kitu. Unaiwasha, inafanya kazi kwa muda mfupi, inajizima. Unaiwasha tena, inajizima tena. Nimewasikia watu wakilaumu kebo, wakilaumu skana, wakibadilisha moduli nzima, kumbe GPS haina kosa lolote. Betri iliyounganishwa moja kwa moja na kipokezi haina akili ya namna hiyo, na hiyo ndiyo faida yake: inatoa umeme mpaka uizime wewe.

Nilikifungua kasha kabla hata ya kukichomeka kwenye skana, na nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo na chochote kilichoundwa kwa mkono chenye betri ya lithiamu. Kasha limetengenezwa kwa printa ya 3D, limefungwa kwa skrubu nne, halikugandishwa kwa gundi. Ndani kuna seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650 ya miliampea-saa 2600, bodi ndogo ya kuchaji ya TP4056, moduli ya GPS ya u-blox NEO-6M, na antena ya kauri ya mraba ya milimita 25 kwa 25 ikiwa imetazama juu, mahali pale pale inapotakiwa kuwa. Lehemu inang'aa na imeshika vizuri. Mahali waya unapoingia kwenye bodi, fundi ameuzungushia mpira unaonywea kwa joto ili usikatike kwa kukunjwakunjwa. Hilo ni jambo dogo, lakini vifaa vya kubebwa hufa hapo.

Bodi ile ya kuchaji ina saketi ya kinga, ya kuzuia betri isijae kupita kiasi, isikauke kupita kiasi, na isiungue nyaya zikigusana. Kuna TP4056 zinazouzwa bila kinga hiyo, na kwa macho zinafanana sana na zenye kinga. Anayenunua kifaa kama hiki aulize swali hilo kabla ya yote. Pia fundi amebadilisha kile kipingamizi kidogo kinachopanga kasi ya kuchaji. Bodi hizi kwa kawaida huja na kipingamizi cha kiloomu 1.2, kinachochaji kwa ampea 1. Yeye ameweka cha kiloomu 2, kinachoshusha chaji hadi miliampea 580. Seli ya ukubwa huu ingeweza kuvumilia ampea 1, lakini ndani ya kasha la plastiki lisilo na tundu la hewa, chipu ya TP4056 hupata joto kali, na joto hilo linakaa pale pale na betri. Ukiona fundi ameshughulikia jambo ambalo hakuna mnunuzi angeliona, unajua yuko makini.

Hesabu ya muda ni nyepesi. Kila kitu ndani kinachukua kati ya miliampea 50 na 60, kwa hiyo seli ya 2600 inatoa zaidi ya saa 40 kwenye karatasi. Skana yangu huishiwa chaji zamani sana kabla ya kipokezi.

Sasa nije kwenye kelele, maana hapa ndipo kifaa hiki kilipopata heshima yangu. Betri ya lithiamu inaanzia volti 4.2 ikiwa imejaa na kushuka pole pole kupita 3.7. Moduli ya GPS inataka volti 3.3 hivi. Waundaji wengi hupitia njia ya mkato: wanapandisha volti ya betri hadi 5 kwa bodi ndogo ya kukuza volti, kisha bodi ya GPS inazishusha tena hadi 3.3. Inafanya kazi, ila bodi hiyo inawasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, nyingine zaidi ya mara milioni 1, na kila mzunguko unatoa mawimbi yanayorudiarudia juu kwenye masafa. Mawimbi hayo yanaangukia kwenye masikio ya skana yenyewe. Unakuta umenunua kifaa cha kuisaidia skana, nacho kinaizibia sauti.

Kupima ni rahisi. Weka skana kwenye masafa ya ndege, kati ya megahezi 118 na 137, mahali pasipo na mazungumzo. Masafa hayo hutumia AM, ambapo sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, na AM haifichi uchafu. Fungua skwelchi (kile kidhibiti kinachonyamazisha skana pasipo na mawimbi) kabisa ili usikie ule mshindo wa kawaida wa hewa tupu, kisha sogeza kipokezi cha GPS karibu na antena ya skana na ukiwashe na kukizima. Chenye bodi ya kukuza volti mara nyingi kitajitangaza: mngurumo, au mlio mwembamba unaohamahama ukibadilisha masafa. Hiki changu, hata kikigusa antena, sikusikia tofauti ya kuwasha na kuzima. Sababu ni kwamba fundi hakupandisha volti popote. Ametumia kidhibiti cha kawaida cha kushusha, kile cha aina inayohitaji tofauti ndogo sana kati ya umeme unaoingia na unaotoka. Hapa pia kuna mtego: kidhibiti maarufu cha AMS1117, kilichojaa kwenye bodi za bei nafuu, kinahitaji zaidi ya volti 1 juu ya 3.3 ili kifanye kazi yake, na betri ya lithiamu haina volti hiyo ya ziada hata ikiwa imejaa. Fundi wangu alikikwepa, na akanieleza sababu kabla sijamuuliza.

Upande wa data ni nyaya mbili tu, moja ya data na moja ya ardhi, kwa sababu kipokezi hakiombi umeme kutoka kwa skana. GPS inazungumza kwa NMEA 0183, yaani mistari ya maandishi ya kawaida inayotoka mara moja kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye kompyuta unaweza kuisoma kwa macho: mstari wa $GPRMC unabeba saa, latitudo, longitudo, mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa), na tarehe. Karibu na mwanzo wake kuna herufi moja ninayoipenda sana. Ikiwa V, kipokezi bado hakijui kiko wapi. Ikigeuka A, kimeshapata. Nakushauri uitazame mara moja maishani, utaelewa skana inasubiri nini.

Mambo mawili ya kuuliza hapo. La kwanza ni kasi: kiwango cha asili cha NMEA ni baudi 4800 (hapa, biti kwa sekunde), moduli za NEO-6M hutoka kiwandani zikiwa 9600, na skana lazima ipangwe kasi ileile, la sivyo haioni kitu. La pili ni volti za data. Moduli inatoa kati ya 0 na 3.3, lakini skana iliyoundwa kwa RS-232, kiwango cha zamani cha kuunganisha vifaa kwa data, inatarajia kinyume, ambapo 1 ni volti hasi na 0 ni volti chanya. Ndiyo maana kwenye changu kuna chipu ya MAX3232 katikati ya kugeuza volti hizo. Mwambie fundi aina kamili ya skana yako kabla hajaunga plagi.

Kuna watakaouliza kwa nini NEO-6M, moduli ya zamani, wakati zipo mpya zinazosikia pia satelaiti za GLONASS (za Urusi) na Galileo (za Ulaya). Nilimuuliza hivyo hivyo. Moduli mpya zinazochanganya mifumo huanza mistari yake kwa $GN badala ya $GP, na kuna vifaa vya zamani visivyoitambua. Inaweza kurekebishwa kwa kupanga moduli upya, lakini kwa skana inayotaka tu kujua uko kaunti gani, satelaiti za GPS peke yake zinatosha na kubaki. Nakubaliana naye kwa barabara kuu na mashambani. Katikati ya maghorofa marefu nadhani moduli mpya ingesaidia, maana huko hiki changu hupepesuka, mahali pakiruka kutoka mtaa huu hadi ule. Skana haijali, kwa sababu inapima kwa maili nyingi.

Kikiwashwa baada ya kulala usiku kucha huchukua nusu dakika au zaidi kidogo mahali penye anga wazi. Kila satelaiti, ikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, inatangaza taarifa za njia yake kwa biti 50 kwa sekunde na kuzirudia kila sekunde 30, kwa hiyo lazima kipokezi kisubiri zipite. Ukikizima ukanunue kitu na kurudi, kinaamka kwa sekunde chache kwa sababu bodi ina kibetri kidogo cha kumbukumbu. Ndani ya magari ambayo kioo cha mbele kina utando wa chuma wa kuzuia joto, kinahangaika sana. Huko kipeleke kioo cha nyuma.

Kasoro zipo. Swichi imechomoza nje ya kasha na inajiwasha ndani ya mkoba. Hakuna chochote cha kuonyesha betri imebaki kiasi gani, ni kitaa kimoja tu kinachopepesa mahali pakipatikana. Kubwa kuliko zote ni joto. Mahali bora pa kipokezi ni juu ya dashibodi, anga ikionekana, na hapo hapo ndipo jua linapochoma kuliko popote kwenye gari lililoegeshwa. Seli za lithiamu za kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi joto 45 wala kutumika zikipita 60, na dashibodi juani inazipita hizo bila shida. Ningependa fundi atenganishe antena na betri kwa kebo fupi, antena ikae juu na betri kivulini. Kwa sasa nakichukua kila ninaposhuka, na hilo silihesabu kuwa suluhisho.

Nikisafiri naweka umbali wa ziada wa kama maili 10 kwenye skana. Nikiweka sifuri, mifumo ya mbele huchelewa kuwaka. Nikiweka 30, inawaka mingi kiasi kwamba mzunguko wa kukagua masafa unakuwa mrefu na mazungumzo mafupi yananipita.

Kuchaji, nakizima kwanza. Bodi ya TP4056 hujua betri imejaa kwa kuona umeme unaoingia umeshuka hadi sehemu ya kumi ya kasi iliyopangwa, ambayo kwa kipingamizi hiki ni miliampea 58 hivi. GPS ikiwa imewashwa, yenyewe inakula kiasi hicho hicho, basi taa nyekundu inaweza kubaki nyekundu na betri ikakaa imebanwa kwenye volti 4.2 usiku mzima. Ikizimwa, taa inageuka bluu kwa wakati wake.