Skana inalia tiit, programu inasema bidhaa haipo

Miezi kadhaa sasa natumia skana hii ya mkononi, na hadi juzijuzi nilikuwa nimeapa nitairudisha. Leo sijui. Hebu niwaeleze.

Kuskani kwenyewe hakuna shida ukishajua kuishika. Mwanzoni nilikuwa naielekeza wima juu ya pakiti zinazong'aa, mwanga unarudi, haisomi chochote. Nikajifunza kuilaza kidogo, ule mstari mwekundu upite kwenye mistari yote ya msimbopau mpaka kwenye weupe wa pembeni, huku na huku. Hapo inadaka papo hapo. Mkono ulizoea ndani ya siku mbili.

Kilichonitoa roho ni sifuri. Kuna bidhaa naskani, inalia tiit kama kawaida, halafu programu inaniambia haipo. Foleni imesimama, mteja ananikodolea macho. Naandika namba kwa mkono, bidhaa hii hapa! Kesho yake tena. Siku moja baada ya kufunga nikachukua kopo moja nikahesabu tarakimu zilizo chini ya mistari, kidole kikipita moja moja: 13, na ya kwanza ni 0. Nikaskani, nikahesabu kwenye kioo: 12. Sifuri ya mwanzo imemezwa.

Nikawapigia walioniuzia. Kijana aliyepokea hakunisikiliza hata nimalize. "Dada, stika zako mbovu." Nikamwambia si stika, msimbo umechapwa kwenye kopo lenyewe tangu kiwandani. "Basi hujui kuitumia." Akakata simu. Akakata! Mimi ninayeshinda na hiyo skana mkononi kutwa nzima!

Usiku ule nilikaa na kile kijitabu chake, maandishi madogo kama sisimizi. Kumbe namba za tarakimu 13 zinazoanza na 0 skana huzihesabu kuwa za UPC-A, aina nyingine ya msimbopau yenye tarakimu 12, basi inaiacha ile 0. Na dawa imo humohumo kitabuni: kuna msimbo wa kubadilisha mpangilio, unauskani kwa skana yenyewe, kwisha. Sekunde chache! Yule kijana alishindwa nini kunitajia ukurasa tu?

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nikafuta, maana kusema kweli mashine haina kosa, inasoma hata lebo zilizokunjamana, tangu siku ile haijaacha sifuri hata moja. Nikaweka nne. Lakini nikikumbuka ile simu ilivyokatwa, na wateja niliowasimamisha bure wiki nzima, mkono unakataa. Tatu. Na zote tatu ni za skana, waliouza wasijihesabie hata moja.

Lile kopo bado liko pembeni ya kaunta. Nikigusa mpangilio wowote naliskani kwanza, nahesabu mpaka zitimie 13, ndipo naita mteja.