Betri ya sola imekufa: ununue ipi?

Taarifa ya habari ya saa mbili haijafika katikati, inveta inalia tiii, TV inazima. Mwaka jana ilikuwa inafika saa tano bila shida. Betri imechoka hiyo, na kesho kila fundi utakayemuuliza atakuwa na jibu lake. Kabla hujaenda dukani, piga hesabu ya usiku mmoja wa nyumba yako.

Kwangu ni hivi: TV wati 40 na king'amuzi wati 15 kwa saa nne, wati-saa 220 (wati mara saa). Taa nne za wati 5 kwa saa tano, 100. Simu na redio, 40. Jumla 360, na ukiongeza zinazopotea kwenye inveta, weka wati-saa 420. Betri ya volti 12, Ah 100 (Ah ni kipimo cha ukubwa wa betri, ukizidisha na volti unapata wati-saa), kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Ila betri yoyote ya risasi, yaani zote nitakazotaja isipokuwa lithiamu, hutakiwi kuila zaidi ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 600. Mimi inanitosha. Mwenye friji asinifuate.

Nazipanga kuanzia ile ambayo ningeitolea pesa zangu mwenyewe.

Namba moja ni lithiamu, na namaanisha ile iliyoandikwa LiFePO4. Bei yake inatisha, lakini watu wengi wanailinganisha vibaya. Lithiamu unaweza kuila asilimia 80 na isidhurike, kwa hiyo moja ya Ah 100 inafanya kazi inayokaribia ya betri mbili za jeli, zile za namba mbili hapa chini. Linganisha bei yake na jeli mbili, siyo moja. Tena ikitunzwa inavuka mizunguko 2,000 ya kuchaji na kutumia, wakati za risasi nyingi huishia mamia tu. Ndani ina saketi inayoikata yenyewe kabla haijaishiwa kabisa, na kwenye nyumba yenye watoto wanaosahau TV usiku kucha, hilo peke yake ni sababu ya kuinunua. Sharti lake: kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, iwe na mpangilio wa lithiamu, yaani ichaji kati ya volti 14.2 na 14.6 na isiwe na ile chaji kali ya kusawazisha inayopewa betri za maji. Kama kontrola ni ya zamani, weka na bei ya mpya kwenye bajeti.

Namba mbili, jeli, betri ya risasi ambayo asidi yake imegandishwa. Imefungwa, haidai maji, na joto inalivumilia kuliko AGM (nayo imefungwa, ila asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo). Haipendi kuzidishiwa chaji: ikipita sana volti 14.4, mapovu yanajitengeneza ndani ya jeli na hayatoki tena. Kwenye jeli ndiko udanganyifu wa stika ulikojaa, na dawa yake ni mizani. Jeli ya kweli ya Ah 100 inakaribia kilo 30. Niliwahi kubeba moja iliyoandikwa 100 nikashangaa mgongo haulalamiki. Nikaiweka kwenye mizani ya mahindi duka la jirani, kilo 17. Nikairudisha palepale. (Lithiamu ni nyepesi kwa asili, kilo 10 hadi 13, kwa hiyo huko mizani haikusaidii.)

Namba tatu ni betri ya maji ya tubula (bamba zake zina mirija), zile ndefu. Kwa mtu mwenye nidhamu ingepanda hadi namba mbili, maana inadumu na bei yake ni ya kibinadamu. Kila mwezi unafungua vifuniko, unaongeza maji ya betri, siyo ya bomba. Isikae chumba cha kulala, inatoa gesi inayoweza kuwaka. Mimi nidhamu hiyo sina: yangu niliifungua baada ya miezi saba, nikakuta bamba zimetokeza juu ya maji, zimepauka kama mfupa.

AGM ni namba nne. Ni nzuri ofisini penye kiyoyozi, lakini kila nyuzi 10 juu ya 25 zinaipunguzia umri karibu nusu, na chini ya bati la Tanga au Mombasa unajua mwenyewe hali ilivyo.

Ya mwisho ni betri ya gari, N70 na wenzake. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari liwake. Ukiiwashia TV kila usiku, miezi michache tu imekwisha. Iache kwenye gari.

Dukani nenda na mita. Betri mpya ya risasi isome volti 12.6 au zaidi; ikiwa chini ya 12.4, imelala rafuni muda mrefu. Soma pia herufi ndogo pembeni ya Ah: 100 ya C100 (imepimwa ikitumika polepole kwa saa 100) ni pungufu kuliko 100 ya C10 (kwa saa 10). Na mpya usiiunganishe na ile mbovu "zisaidiane". Mbovu itaivuta mpya chini.

Ile ya zamani muulize muuzaji kama anaipokea, wengi wanakupunguzia bei kwa sababu ya risasi iliyomo. Usimwage asidi uani, wala usimpe kijana anayezivunja kwa nyundo mtaani. Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye damu ya watoto, na Phyllis Omido, mama aliyepigania kifungwe baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, ndiye aliyepewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015.