Injini ya Baiskeli: Ukubwa Upi Ununue Usigombane na Sheria

Kifurushi cha injini ya baiskeli kilichoandikwa "80cc" kina kasoro mbili kabla hata hujakifungua. Kwanza, si 80 (cc ni ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo). Pili, hata hicho kidogo kilichomo ndani kimezidi kiwango cha sheria katika nchi nyingi. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni hutembea milimita 38. Ukipiga hesabu unapata 65.9cc. Namba ya kwenye boksi imetiwa chumvi ili mali itoke haraka. Siku trafiki akisimamisha baiskeli, muuzaji hatakuwepo kujieleza.

Kwa hiyo usianzie dukani. Anzia kwenye sheria ya mahali utakapoendesha, na uisome ukijua inapima nini.

Sheria hupima vitu vinne

Kizingiti cha 50cc kina asili yake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulikitenga chombo kidogo cha injini na pikipiki kwa vipimo viwili: silinda isiyozidi 50cc, na kasi isiyozidi kilomita 50 kwa saa kwa jinsi chombo kilivyoundwa. Nchi nyingi ziko humo humo au karibu yake, ndiyo maana sokoni kumejaa injini za 48 na 49.

Ila cc ni kipimo kimoja tu. Umoja wa Ulaya unaongeza nguvu isiyozidi kilowati 4 na kasi isiyozidi kilomita 45 kwa saa, na chombo chenyewe lazima kipitishwe. Injini halali juu ya fremu isiyopitishwa haikusaidii. California haijali cc: inataka injini isiyofika nguvu farasi 4, kasi isiyozidi maili 30 kwa saa (kama kilomita 48), na mfumo wa otomatiki. Florida inataka 50cc, nguvu farasi 2, maili 30, na dereva asiwe na kazi ya kushika klachi wala kubadili gia chombo kikishaanza kwenda. Ujerumani ina daraja dogo la 30cc, kilowati 0.5 na kilomita 20 kwa saa. New South Wales, Australia, ilifunga mjadala tarehe 1 Oktoba 2014: baiskeli ya petroli hairuhusiwi barabarani, iwe ya 25cc au ya 49cc.

Andika basi kwenye karatasi vitu vinne: cc, nguvu, kasi, klachi. Wanunuzi wengi huishia kwenye cha kwanza, na kinachowakamatisha ni cha nne. Jua pia kwamba kuwa chini ya 50cc hakukifanyi chombo kibaki baiskeli. Mara nyingi kinahamia daraja la pikipiki ndogo, na hapo huja leseni, namba, bima, taa na kofia.

Nafasi ya kwanza: 49cc ya mipigo minne (four-stroke)

Kama sheria yako inaruhusu 50cc, nunua hii na usonge mbele. Mfano unaojulikana ni Honda GXH50: kipenyo milimita 41.8, mwendo wa pistoni milimita 36, jumla 49.4cc. Oili yake hukaa chini kwenye karteri (tumbo la injini), kama robo lita, kwa hiyo hakuna kuchanganya oili na petroli. Haitoi moshi wa buluu na kelele yake inavumilika, jambo ambalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani: kelele ndiyo inayofanya askari ageuke.

Sababu kubwa zaidi ni klachi. Injini za aina hii hufungwa klachi inayojishika yenyewe mizunguko ikipanda, hivyo zinapita palipo na sharti la otomatiki. Angalizo moja: GXH50 inatoa kama kilowati 1.6, sawa na nguvu farasi 2.1. Palipo na kikomo cha farasi 2, tayari umezidi kwa kijiko kimoja.

Udhaifu wake ni upana. Gia yake hutokeza pembeni, na mikono ya pedali ya kawaida hugonga injini, kwa hiyo utahitaji ekseli ya pedali iliyo ndefu zaidi. Hakikisha imo kwenye kifurushi kabla hujalipa.

Nafasi ya pili: 48cc ya mipigo miwili (two-stroke)

Nyepesi, rahisi kufunga, spea zake zimejaa. Kipenyo milimita 40, mwendo wa pistoni milimita 38: 47.75cc. Ni halali kwa cc, lakini vifurushi vingi huja na klachi ya kushika kwa mkono wa kushoto, na palipo na sharti la otomatiki hiyo peke yake inatosha kuiangusha.

Hapa kuna mtego mdogo. Zipo injini za umbo lile lile ambazo pistoni yake hutembea milimita 40 badala ya 38. Kipenyo cha 40 kwa mwendo wa 40 kinatoa 50.27cc. Kwa macho hutaitofautisha, na kibandiko bado kitasema 49.

Petroli yake huchanganywa na oili ya mipigo miwili. Wakati wa kuilainisha injini mpya, mililita 50 kwa lita moja. Baadaye mililita 40, isipokuwa kitabu cha injini kiseme vingine. Ukizidisha oili, plagi inakuwa nyeusi na mbichi na injini inakohoa. Ukipunguza, pistoni inakwangua silinda na kukwama, na hiyo hairekebishwi kwa kusafisha.

Nafasi ya tatu: 35cc ya mipigo minne

Honda GX35 (milimita 39 kwa 30, yaani 35.8cc) ina uzito wa kama kilo 3.3 na hutoa karibu kilowati 1. Inafaa palipo na kikomo kikali cha nguvu, na kwa mtu ambaye bado anataka kukanyaga pedali. Kwenye mlima mrefu usiitegemee ikubebe peke yake. Ukiinunua, chagua inayoendesha gurudumu kwa mkanda au mnyororo. Zile za roli inayosugua tairi huteleza mvua ikinyesha na hula tairi.

Nafasi ya nne: 25cc

Hii ni ya kusaidia miguu tu. Wengi huichukua wakidhani udogo wake unamaliza maswali yote. Sivyo. Honda GX25, ya ukubwa huu, inatoa kama kilowati 0.72. Weka namba hiyo mbele ya kikomo cha Ujerumani cha kilowati 0.5, imeshapita, ingawa cc zake ziko ndani ya 30.

Usinunue kwa barabara: 66cc, 70cc, 79cc

Ina nguvu na mara nyingi haipishani sana bei na ile ya 48, ndiyo maana inashawishi. Mahali kama California, panapopimwa nguvu, mtu anaweza kujitetea, lakini klachi na kasi vitamrudia. Kwingineko ni pikipiki isiyosajiliwa. Iache kwa shamba binafsi.

Pima mwenyewe

Muombe muuzaji afungue kichwa cha silinda. Kwenye zile za mipigo miwili kinashikwa na nati nne. Pima kipenyo kwa kalipa (kipimo chenye taya). Zungusha injini taratibu kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, pima kina kutoka ukingo wa silinda, halafu ishushe mpaka chini kabisa upime tena. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo mwendo wa pistoni. Badili vyote viwe sentimita, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo wa pistoni. Kwa mfano, 4.0 × 4.0 × 0.7854 × 3.8 = 47.75.

Akikataa kufungua, toa plagi uingize kijiti chembamba na upime kinavyopanda na kushuka. Njia hiyo inafaa pale tu plagi inaposimama wima. Ikiwa imelala, kijiti kinakaa mshazari na kipimo kinakudanganya. Hata hivyo umepata mwendo peke yake. Kipenyo bado hukijui.

Kasi iko kwenye sproketi

Injini halali inaweza kuvunja sheria kwa sproketi tu, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Chukua ile ya 48cc ya mipigo miwili: gia ya ndani ya kawaida hupunguza mizunguko mara 4.1, sproketi ya mbele ina meno 10, ya nyuma 44. Zidisha 4.1 kwa 4.4, unapata 18.04. Gurudumu la inchi 26 huenda kama mita 2.07 kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 332.6, yaani kilomita 41 kwa saa. Funga ya nyuma yenye meno 36, injini ile ile kwa mizunguko ile ile inafika 50. Injini inayoweza kupanda hadi 7,000 itafika 48 hata ukiacha meno 44, kwa hiyo palipo na kikomo cha 45 chagua meno 50. Unapata na nguvu ya mlimani juu yake.

Kabla ya kulipa, tazama na baiskeli

Sproketi ya nyuma yenye matundu tisa, inayobanwa na raba mbili juu ya spoku, inahitaji rimu ya spoku 36. Ikikaa upande hata milimita mbili, mnyororo unakaza na kulegea kila mzunguko, spoku zinaanza kukatika moja moja. Rola ya kukazia mnyororo ni hatari zaidi: bolti zake zikilegea, mnyororo unaivuta mpaka inaingia kwenye spoku, na gurudumu la nyuma linajifunga ukiwa mwendoni. Pangilia sproketi vizuri na uukate mnyororo kwa urefu sahihi, na mara nyingi hutaihitaji kabisa.

Fremu ya alumini yenye bomba nene haipokei vibanio vya kawaida. Fundi akikwambia atatoboa bomba la mbele ili bolti ipite, chukua baiskeli yako uondoke. Bomba hupasuka hapo hapo palipotobolewa. Breki ziwe mbele na nyuma, tena zote za mkononi.

Taa usiunganishe kwenye waya mweupe wa injini ya mipigo miwili, hata kama kitabu kinaruhusu. Umeme wake ni kidogo, taa inaunyang'anya cheche, na waya huo ukigusa fremu unaweza kuua koili. Nunua taa za betri zinazochajiwa, na ncha ya waya huo izibe kwa utepe wa umeme siku ile ile unayofunga injini.