Hema la mtu mmoja: la gramu 900 liliniloanisha bila mvua

Natembea peke yangu milima ya Usambara karibu kila mwaka, mwezi wa sita au wa saba masika yakiisha, natoka Lushoto naishia Mtae siku tatu na kila kitu nimebeba mwenyewe mgongoni, kwahiyo mtu anaetafuta hema jepesi namuelewa kabisa. Na mimi nlianza hivohivo, kuangalia uzito tu. Nikanunua dukani la gramu 900, la kitambaa kimoja, unalisimamisha kwa fimbo ya kutembelea, muuzaji akanihakikishia halipitishi hata tone. Na kweli mvua halikupitisha.

Maji yalitoka ndani. Usiku wa tatu nlilala uani kwa babu mmoja pale Mtae, anga safi nyota tele, baridi kali, kama saa kumi alfajiri nikashtuka kitu kinanidondokea usoni, kuwasha tochi naona dari yote matone, yanateremka taratibu yanajikusanya kule miguuni, na slipingi begi imelowa kuanzia magotini kwenda chini. Asubuhi babu akaja kuniangalia. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, akaingiza mkono ndani ya hema, akautoa akautazama, "Mbona jana haijanyesha, haya maji umeyatoa wapi?"

Ni pumzi. Ukilala unatoa mvuke usiku kucha, kitambaa kisichopitisha maji na mvuke nao hakipitishi, nje baridi ndani joto, basi unageuka maji palepale juu yako.

Hili nililonalo sasa nimelitoa mtumbani, Memorial pale Moshi, laki na sabini baada ya kubishana sana, lina kilo 1.5. Ni la tabaka mbili, ndani neti nje turubai, katikati kuna nafasi kama upana wa kiganja. Matone bado yanakuja aisee, ila yanashukia kwenye turubai la nje yanaishia chini, mimi nipo mkavu. Nimelala humo siku 11 mpaka sasa na sijutii zile gramu 600 hata kidogo, ni kama chupa ndogo ya maji tu. Lina kibaraza pembeni, mabuti na jiko vinakaa huko. Nguzo ni za alumini, zile za faiba sizitaki tena maana zikipasuka zinakuchoma vidole.

Kasoro zipo. Zipu inanata, napaka nta ya mshumaa. Vigingi vilikuwa vyembamba vikapinda vyote, maana Mtae upepo unapanda kutoka kule tambarare ya Mkomazi unapiga hema usiku mzima, nikanunua vingine vipana.

Na usiamini urefu ulioandikwa. Mimi nina sentimita 182, hema limeandikwa 215, lakini kuta zimelala kwahiyo miguu inakaribia kugusa. Mwombe muuzaji ulitandaze palepale, lala ndani na slipingi begi yako, angalia pua na vidole vya miguu.

Kama tayari unalo la kitambaa kimoja usilitupe, ila lala na mlango wazi kidogo juu na chini hewa ipite, usilisimamishe mtoni wala bondeni panapotuama ukungu, na asubuhi lifute kwa kitambaa kabla hujalikunja, ukilifungia na unyevu siku mbili tu linaanza kuota kuvu.