KIA hadi Arusha mjini: teksi au Kosta?

Kutoka KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, hadi Arusha ni takriban kilomita 50. Kwa bei, Kosta, yaani basi dogo la abiria, haina mpinzani: nauli ni maelfu machache, teksi ni makumi ya maelfu. Ila Kosta haingii uwanjani. Inabidi uchukue bodaboda au gari kwa kilomita kama sita hadi njiapanda ya KIA, kisha usimamishe zinazotoka Moshi. Hapo ndipo begi kubwa linapoleta kero: likikosa nafasi nyuma, utalipakata au kondakta atakudai nauli ya siti ya pili. Shika noti ndogo. Chenji ya elfu kumi huchelewa mpaka unashuka.

Teksi inakufikisha mlangoni, saa yoyote. Patana kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na uulize kama bei ni ya gari zima au ya kichwa.

Foleni haibagui: Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru lililo njiani, nyote mnakwama.

Umetua mchana na begi la mgongoni? Kosta inatosha. Umetua usiku, au una watoto, teksi. Mkiwa wanne mnagawana.