Meno ya mashine ya visiki: mchanga wa Kigamboni ulivyonifundisha kununua

Nina mashine ndogo ya kusagia visiki, nazunguka nayo Dar kuanzia Mbezi hadi Kigamboni. Seti ya kwanza ya meno niliinunua mtaa wa Gerezani kwa kufuata bei. Kisiki cha pili tu, cha mwarobaini huko Kigamboni, mashine ikaanza kutetemeka kama daladala bovu. Nikazima, nikachungulia: meno matatu hayana ncha.

Nikadhani ncha zimevunjika. Wapi! Moja niliiokota kwenye unga wa mbao, bado kali. Kilicholika ni chuma kilichoishika. Mchanga wetu wa pwani ni msasa mtupu; kabaidi ya tungsteni (ile ngumu ya kwenye ncha) inauvumilia, chuma laini hakifui dafu. Kikishapungua nyuma ya ncha, ncha inadondoka yenyewe, kisha muuzaji anakwambia hujui kutumia mashine. Wangu aliniambia hivyo hivyo.

Seti ya pili ilinigharimu karibu mara mbili. Safari hii nilienda dukani na tupa mfukoni. Kwenye kabaidi halisi tupa inateleza, haiachi alama. Kwenye chuma cha kawaida inakwangua. Nikakagua na shaba iliyounganisha ncha na chuma: iwe imezunguka kote, bila vitundu. Nikachukua yenye kiwiliwili kinene na ncha za mviringo, maana upande mmoja ukiisha makali unalegeza nati, unalizungusha jino, kazi inaendelea.

Nimeshasaga visiki 14, na ncha zimeshika. Mbili tu zilimeguka, Msasani, kwenye mawe ya matumbawe. Kabaidi ni ngumu lakini haipendi kugongwa, kwa hiyo siku hizi nachimbua kwanza kwa sururu, natoa mawe na vipande vya nondo (kiwanja gani Dar hakina nondo?).

Kunoa, usihangaike na jiwe la kawaida la grenda. Tafuta lile la kijani au diski ya almasi. Jino likifa, badilisha pamoja na mwenzake wa upande wa pili, la sivyo gurudumu linaloshika meno linapoteza usawa na mtetemo unarudi.

Na nati uzikaze tena baada ya kazi ya mwanzo. Mimi nilisahau siku moja, jino likaruka ukuta wa jirani. Tulilikuta kwenye banda la kuku. Kuku wote walikuwa wazima, ila mama mwenye nyumba hakunipa kisiki chake cha mwembe hadi leo.