Matairi ya pikipiki ndogo ya spoti Dar es Salaam: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Anayeendesha Kawasaki Ninja 250, Honda CBR250R, Yamaha R25 au R15 hapa mjini huwa anachagua tairi kwa kuangalia upana na jina. Mimi naomba uanze na mvua. Lami ya Mandela au Kilwa Road inakaa wiki nyingi bila tone, inanyonya oili za malori, vumbi na mchanga, halafu vuli inanyesha dakika kumi za kwanza na barabara nzima inakuwa utelezi. Hapo ndipo tairi linapoonyesha thamani yake, na ndicho kipimo nilichotumia kuyapanga haya. Kasi ya juu nimeiweka nyuma kabisa, maana foleni ya Ubungo haikupi nafasi ya kuitumia.

Kabla ya jina, soma ubavu wa tairi lako la sasa. Ninja 250R ina 110/70-17 mbele na 130/70-17 nyuma. CBR250R na R25 zina 110/70-17 na 140/70-17. R15 ya toleo la tatu ya India ina 100/80-17 na 140/70R17 (hiyo R nitaieleza chini). Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Baada yake huja namba ya mzigo na herufi ya kasi: 66 ni kilo 300, 54 ni kilo 212, S ni kilomita 180 kwa saa na H ni 210. Usishuke chini ya zile za kiwandani.

Wala usipande juu kwa ajili ya muonekano. Tairi la 150 au 160 likibanwa kwenye rimu ya 130 linajikunja na kuchongoka katikati, pikipiki inakuwa nzito kulala kwenye kona, na wakati mwingine mpira unagusa mnyororo. Umelipa zaidi ili upate kidogo.

La kwanza: bayasi bora ya barabarani, yaani tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimelazwa mshazari. Hapa naweka Bridgestone Battlax BT46, Pirelli Sport Demon na Michelin Pilot Street 2. Yametengenezwa kwa pikipiki za ukubwa huu, mifereji yake ni mingi ya kutosha kutoa maji, na hayahitaji kuendeshwa kwa fujo ili yaanze kushika. Kati ya hayo matatu, mimi ningechukua BT46. Bridgestone ililitoa 2020 kurithi BT-45, na la nyuma likapewa mpira wenye silika ili lishike vizuri kwenye maji. Ndilo tatizo letu hasa. Sport Demon linafuata kwa karibu na lina umbo linalogeuka kwa wepesi. Pilot Street 2 nampa mwenye R15 anayekwenda kazini kila siku na anayetaka tairi lidumu.

La pili: radiali za spoti, ambazo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu. Mfano ni Pirelli Diablo Rosso III, na lipo la 110/70R17 na 140/70R17. Kwenye lami kavu linashinda yote niliyoyataja, na anayependa safari za Jumapili kwenda Bagamoyo atalifurahia. Nimeliweka la pili kwa sababu mpira wake laini unaisha haraka, na Dar inaumaliza mahali pabaya: barabara zetu ni ndefu na zimenyooka, kwa hiyo la nyuma linakuwa bapa katikati huku mabega yakiwa bado mapya. Tairi bapa halilali vizuri kwenye kona hata kama lilinunuliwa ghali.

Angalia pia usichanganye ovyo. Herufi R kati ya namba ni radiali, kistari kitupu ni bayasi. Ziko pikipiki zilizotoka kiwandani na bayasi mbele na radiali nyuma, R15 ya toleo la tatu ikiwemo, na hilo halina shida. Kugeuza, radiali mbele na bayasi nyuma, usikubali hata ukiambiwa ndilo lililobaki dukani.

La tatu: Kihindi, yaani MRF, TVS Eurogrip na CEAT. Kwa mfuko wa watu wengi hili ndilo jibu la kweli, na sioni aibu kulipendekeza. R15 za India zimetoka kiwandani na MRF. Mpira wake kwa kawaida ni mgumu kuliko wa kundi la kwanza, hivyo unadumu, ila ukianza kunyesha ongeza nafasi kati yako na daladala iliyo mbele. Tairi jipya la MRF ni bora mara nyingi kuliko Pirelli lililokaa stoo miaka saba.

Na hilo la stoo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Joto letu na jua vinakausha mpira hata kama tairi halijatembea. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mimi sivuki miaka mitatu kwa tairi ninalonunua kama jipya. Ukiona nyufa ndogo kwenye mifereji, rudisha, hata kama muuzaji wa Kariakoo anakuapia kwamba limefika juzi.

La nne: kashata, yaani tairi la matope lenye vipande vilivyochomoza. Anayeishi Goba ndani au Chanika anajua matope ya masika, na fundi atamshawishi afunge tairi la bodaboda kwa kuwa nalo ni namba 17. Ni kweli Boxer inatumia 17, lakini ni 2.75-17 na 3.00-17, membamba mno kwa rimu pana ya spoti. Hata kashata lenye saizi sahihi lina mpira mchache unaogusa lami, na breki ya ghafla itakuonyesha hivyo. Kipande cha matope pita polepole.

La mwisho: mtumba. Hujui lilikaa wapi wala lilizibwa mara ngapi. Kwa tairi la mbele, usinunue kabisa.

Ukilipata unalolitaka, mwambie fundi mambo matatu kabla hajaanza. Mshale ubavuni ufuate mwelekeo wa kuzunguka. Valvu iwe mpya. Na asiingize tyubu kwenye rimu ya tubeless (isiyotumia tyubu) ili kukwepa kuziba pancha: tubeless ikichomwa na msumari mara nyingi hutoa upepo taratibu, tyubu hulala ghafla ukiwa juu ya daraja la Kigamboni.

Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, si baada ya kufika Posta na mpira umeshapata moto. Ninja 250R inataka psi 28 mbele na 32 nyuma. Kwa nyingine soma kibandiko kilicho karibu na mnyororo. Kilomita 150 za mwanzo endesha kwa adabu, kwani uso wa tairi jipya huteleza. Kama fedha inatosha moja tu mwezi huu, badilisha lililofikia alama ya TWI, yaani kikomo cha kuchakaa ndani ya mifereji. Yakiwa yamefikia yote mawili, pikipiki ipumzike nyumbani mpaka upate la pili.